Mlango wa mji umekuwa duka la nani?



Leo tunaandika juu ya neno ambalo kila shofere analo mdomoni, na kila mtu anayepanda taksi-basi analo mfukoni hata kama hajalitambua. Ni neno la kulipa ili kuingia mji.

Juma lililopita tulisimama saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi upande wa Kamalondo, si mbali na reli. Motokari zilikuwa zimebanana kama samaki ndani ya kikapu. Taksi-basi za Katuba, taksi-basi za Kenya, motokari ndogo zenye usukani wa kuume zilizotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, pikipiki za manseba zikijipenyeza katikati, na kinga za wauza makala zikisukumwa kwa mikono kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kupanda. Shofere mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alizima moto wa motokari yake, akatuambia:

"Baba, mimi nimelipa vinyeti. Nimelipa mafuta. Nimelipa takse ya kusimama. Jana nilikwenda Likasi, nikalipa peaje kwenda na kurudi. Na sasa bado sijafika Posta. Halafu nasikia watu wanasema tulipe tena kwa kuingia katikati ya mji. Kuingia wapi? Mimi nimezaliwa hapa."

Abiria wake walicheka. Mama mmoja hakucheka. Alikuwa na mfuko wa bunga magotini, akasema polepole: "Yeye hatalipa. Tutalipa sisi."

Mama huyo amekwisha kuandika nusu ya makala yetu.

Tuseme kwanza lililo wazi, mtu asije akatuambia kwamba tunapigana na kivuli. Hapa Lubumbashi hakuna bado sheria inayomlipisha kila mwenye motokari kwa kuvuka mpaka wa katikati ya mji. Lakini mawazo hayo yanatembea. Watu waliosoma, watu waliosafiri Bulaya, wanatuambia kwamba miji mikubwa ya dunia inafanya hivyo, na kwamba njia zao zimepona. Sisi hatukatai kusikiliza. Tunataka tu wasituletee nusu ya habari.

Na kabla ya habari za Bulaya, tutazame kwetu. Njia kubwa ya shaba, ile inayotoka Kolwezi, ikapita Likasi, ikafika hapa, kisha ikakwenda Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, ni njia ya peaje. Toka Kolwezi mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 300. Toka Likasi ni karibu 120. Toka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu 90. Kamio ya shaba inalipa. Taksi inalipa. Motokari ya mtu anayekwenda kumzika shangazi yake inalipa. Basi, mtu wa Likasi mwenye neno lake kwenye ofisi ya Lubumbashi, huyo analipa tayari kwa kuingia mji, hata kama karatasi anayopewa haisemi hivyo.

Tena kuna FONER, mfuko wa inchi wa kutunza njia, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo unapata sehemu ya feza yake ndani ya bei ya mafuta. Kila litre unayotia kwenye motokari yako, umekwisha kulipia njia. Kila litre, ndugu! Hata yule anayetembea mashimoni Katuba, ambako hajaona goudron tangu kuzaliwa kwake, naye amelipia goudron. Na baada ya litre kuna vinyeti ya kila mwaka. Na baada ya vinyeti kuna takse ya kusimama kando ya njia. Na baada ya takse ya kusimama kuna wale vijana wanaokuonyesha kwa mkono pahali pa kusimama, ambao hawana karatasi wala kofia, lakini usipowapa kitu utakuta kioo kimekwaruzwa. Hao hatuwahesabu kama Serikali. Lakini mfuko wa shofere unawahesabu.

Kwa hiyo mtu anapotuambia "tulete malipo ya kuingia mji", tunamuuliza: unataka kuleta, au unataka kuongeza?

Sasa turudi kwa mama wa bunga. Katanga hii yetu haijishibishi. Miaka yote bunga yetu nyingi inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa, inapanda njia ya peaje. Mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mkubwa, hata mkuu wa inchi yao alitangaza hatari katika mwezi wa pili, na sisi huku tuliona bei ya mfuko ikipanda. Ukame ni wa Mungu, hatuna wa kumlaumu. Lakini mwenye kamio akilipa kwenye mpaka, akalipa kwenye peaje, akalipa kwenye baryeri ndogo ambayo jana haikuwapo, je, anatoa feza hiyo katika mshahara wake? Hapana. Anaitia ndani ya mfuko wa bunga. Mwenye duka anaipokea, naye anaongeza ya kwake kidogo. Mwisho inafika kwenye sufuria ya bukari, na pale hakuna mtu mwingine wa kumpelekea. Mtoto hana mfuko wa kuongezea bei.

Ndiyo maana tunasema shofere si yeye anayelipa. Shofere anatoa feza kwa mkono wake, hasira ni ya kwake, kelele ni za kwake, na kwa hiyo magazeti yanaandika "hasira ya mashofere". Lakini mlipaji amekaa nyuma, kwenye kiti cha tatu, na mfuko wake magotini.

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya siku ya posho. Tuseme wakubwa waweke falanga 5,000 kwa kila motokari inayoingia katikati ya mji. Hatusemi wameweka, tunasema tuseme. Taksi-basi ina abiria 16. Inaingia mji mara nane kwa siku. Hizo ni falanga 40,000 kila siku. Kwa kila mtu ndani yake, zaidi ya falanga 300 kwa kuingia mara moja. Mtu wa kazi anaingia siku 26 kwa mwezi: falanga 8,000 na zaidi zimekwenda. Nyumba yenye baba anayefanya kazi mjini, mama wa soko, na watoto wawili wanaosoma upande ule: zaidi ya falanga 32,000 kwa mwezi. Na mtu mwenye jeep yenye vioo vyeusi, anayeingia asubuhi mara moja na kutoka jioni, peke yake na shofere wake? Falanga 5,000 kwa siku. Kwake ni bei ya kinywaji.

Tutasema kweli yote, kwa sababu gazeti letu si la kudanganya. Kama wangelipisha mara moja tu kwa siku, si kila mara motokari inapoingia, basi mzigo wa mtu ndani ya taksi-basi ungeshuka mpaka karibu falanga 40. Hiyo si kitu cha kuvunja nyumba. Mnaona basi kwamba neno halisi si "kulipa" peke yake. Ni ginsi ya kulipa. Lakini tunajua baryeri zetu. Mtu anayepokea feza mkononi hakumbuki kwamba asubuhi ulikwisha kupita.

Sasa habari za miji ya mbali, kwa sababu wanatupigia kelele nayo.

Mji wa kwanza ni Singapore, mwezi wa sita mwaka 1975. Waliweka mpaka kuzunguka katikati ya mji, na saa za asubuhi mwenye motokari alinunua karatasi ya dola 3 za kwao kwa siku. Lakini mabasi hayakulipa. Na motokari yenye watu wanne au zaidi ndani yake haikulipa hata senti, kwa miaka mingi. Fikirini jambo hilo, mashofere wa Katuba! Motokari iliyojaa ilipita bure. Iliyolipa ni ile ya mtu mmoja. Kwa sheria ile ya kwanza ya Singapore, taksi-basi zetu zote zingepita zikiimba. Baadaye wakajenga na treni za mji, za kwanza zikaanza mwaka 1987.

London ilianza tarehe 17 ya mwezi wa pili, mwaka 2003, kwa paundi 5. Hakuna baryeri. Kuna macho ya kamera yanayosoma namba ya motokari, na unalipa mara moja kwa siku hata ukiingia mara kumi. Wakati ule ule waliongeza mabasi karibu 300. Basi halilipi, na taksi nyeusi zao hazilipi. Na sheria iliandika kwamba feza inayobaki itumike kwa mambo ya usafiri. Watu walikasirika, tusifiche, na bei imepanda mara nyingi tangu hapo: paundi 8 mwaka 2005, 10 mwaka 2011, 15 mwaka 2020. Ndiyo tabia ya takse. Inaingia nyumbani ikitambaa, kisha inakaa kwenye kiti cha baba.

Stockholm, kule Uswidi, walifanya kitu ambacho sisi tunakipenda kuliko vyote. Mwaka 2005 walitangulia kuleta mabasi mapya. Toka mwanzo wa mwaka 2006 wakajaribu malipo kwa miezi saba. Kisha wakayaondoa. Ndiyo, waliyaondoa! Wakawauliza watu kwa kura katika mwezi wa tisa: mmeona ginsi ilivyokuwa na ginsi ilivyo sasa, mnataka ipi? Watu wa mji wakajibu ndiyo, si kwa wingi mkubwa. Watu wa komini nyingi za kando, ambao ndio wanaoingia kutoka mbali, walijibu hapana. Malipo yakarudi mwaka 2007. Tungependa kujua nani hapa kwetu aliyekwisha kuulizwa kwa kura juu ya baryeri yoyote. Mwenye kukumbuka siku hiyo atuandikie.

New York nao walisumbuka miaka. Ilikuwa ianze katikati ya mwaka 2024, gavana wao akaisimamisha chini ya mwezi mmoja kabla, kwa sababu aliogopa kwamba watu wamechoka na bei za vitu. Ikaanza tarehe 5 ya mwezi wa kwanza 2025, dola 9 kwa motokari ndogo. Feza inakwenda kwa treni za chini na mabasi. Mtu wa New York akikasirika na dola 9, anashuka chini ya njia na kupanda treni. Mtu wa Ruashi akikasirika, atashuka wapi?

Hiyo ndiyo nusu ya habari ambayo hawatuambii. Pahali pote walipoweka mlango wa kulipia, waliweka kwanza mlango mwingine wa bure, au wa bei ndogo, pembeni yake. Mabasi kwanza, feza baadaye. Sisi tunaletewa feza kwanza, na mabasi tunaonyeshwa kwenye hotuba.

Si lazima twende mbali vile. Nairobi, katika Kenya (ile inchi, si komini yetu), gavana alikataza matatu kuingia katikati ya mji tarehe 3 ya mwezi wa kumi na mbili, 2018. Hakuwalipisha, aliwafukuza tu. Maelfu walitembea kwa miguu siku hiyo, wazee, wagonjwa, mama wenye watoto mgongoni. Kelele ilikuwa kubwa, na katazo likaondolewa upesi. Tena kule Dar es Salaam kuna daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwezi wa nne 2016, ambalo motokari na pikipiki zinalipa ili kuvuka kuja mjini, na mtu wa miguu anapita bure. Watu wa Kigamboni walilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba wao peke yao wanalipa kwa kwenda nyumbani kwao. Hawakuchoka, na mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilipunguza bei za daraja lile. Tunaandika hili kwa ajili ya ndugu wanaotuambia kwamba kusema hakuna faida.

Sasa lazima tuguse jambo la zamani, kwa sababu mji huu si mji bila kumbukumbu.

Elisabethville ulijengwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na kwa ajili ya Wazungu waliokuja kuitafuta. Njia zake zilipigwa kwa mstari, zikakatana kama madirisha, kwa watu wachache. Baba zetu waliwekwa upande mwingine, kule Kamalondo, na katikati wakaacha uwanja mtupu, ili pumzi ya mweusi isifike kwa mweupe. Asubuhi waliingia mji kufanya kazi. Usiku hawakuwa na ruhusa ya kuonekana huko bila karatasi. Mwenye kitabu aliingia, asiye na kitabu alilala polisi. Wazee wetu wa Union Minière wanaweza kukuonyesha bado, kwa kidole, mpaka ulikuwa wapi.

Hatusemi kwamba takse ya motokari ni kitu kimoja na kitabu cha mkoloni. Hapana, hiyo itakuwa chumvi nyingi. Mkoloni aliuliza rangi, na sasa wanauliza feza. Lakini wenye feza na wasio nazo wanakaa wapi katika mji huu? Wenye feza wengi wanakaa upande ule ule wa zamani, ndani ya mpaka, na wao hawatavuka kitu wakienda ofisini. Watakaovuka ni watu wa Katuba, wa Kenya, wa Ruashi, wa Kampemba, wa Annexe. Ramani ya mwaka 1910 haijafa, imebadilishwa majina. Mtu akitaka kuchora mpaka wa kulipia juu ya ramani hiyo, aangalie vizuri kalamu yake inapita wapi.

Na mbona sisi sote tunakimbilia pale katikati? Si kwa kupenda moshi. Banki iko pale. Ofisi za takse ziko pale, maana hata kwenda kulipa takse lazima uingie mji. Karatasi za nyumba, tribinali, posta, makao makuu ya kila kitu. Mwalimu wa Ruashi, tangu Serikali ilipoanza kulipa mishahara kwa njia ya banki karibu na mwaka 2012, naye anapanda taksi-basi kwenda kusimama mstari mjini ili achukue mshahara wake. Tutamlipisha mwalimu kwa kwenda kuchukua mshahara? Kwanza mleteeni banki Ruashi. Leteni ofisi katika komini. Nusu ya watu mnaowaona wamebanana pale Posta wangebaki nyumbani wakishukuru.

Tunakubali kwamba mji umeziba. Asiyekubali hana macho. Mgonjwa anakufa ndani ya taksi akingoja njia ifunguke. Kamio za shaba na kamio za bunga na watoto wa shule wanagombania goudron ile ile. Mtu wa kazi anayeamka saa tisa na nusu ya usiku ili afike saa moja, huyo amekwisha kulipa, amelipa kwa usingizi wake. Kwa hiyo hatuko upande wa wale wanaosema kila mtu aachwe afanye anavyotaka. Mashofere wetu wenyewe wana makosa. Wanasimama katikati ya njia kumchukua abiria mmoja, na mia nyuma yao wanangoja. Tumewaambia usoni, na tunawaambia tena hapa.

Lakini neno la "Serikali haina feza" tunalijibu kwa shaba. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni ya pili duniani baada ya Chile. Kobalti ya dunia, sehemu kubwa kuliko zote inatoka kwetu. Sheria ya mines, kama ilivyobadilishwa mwaka 2018, imeandika malipo ambayo kompani inatoa juu ya madini inayouza: asilimia 3.5 kwa shaba, asilimia 10 kwa kobalti tangu ilipoitwa madini ya maana kubwa. Na sheria hiyo hiyo imeandika ginsi ya kugawa: sehemu 50 katika 100 kwa Serikali kuu, 25 kwa provinsi, 15 kwa komini, sekta au mji ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Someni tena ile 15, wandugu. Imeandikwa. Si ahadi ya uchaguzi. Wanaochimba wamekwisha kuulipia mji kabla jua halijatoka. Mnataka alipe tena akienda nyumbani?

Tungependa siku moja tuone ubao umesimama mbele ya kila komini yenye mgodi, umeandikwa kwa kiswahili, si kwa kifaransa peke yake: mwaka huu tumepokea hizi, tumefanya nazo hivi. Hapo mtu akija kutuambia feza za mabasi hazitoshi, tutaweza kumsikiliza tukiwa tumekaa.

Wako ndugu wanaotuambia: "Ninyi wa gazeti mnataka vitu vya bure." Si kweli. Mtu wa kazi hajui bure. Anakatwa takse katika mshahara kabla hajauona. Sisi hatukatai kulipa. Tunakataa kulipa mara tano kwa kitu kimoja, kisha kukikosa. Tena tunakataa karatasi ambayo haina namba.

Kwa hiyo tunasema haya kwa wakubwa wa mji na wa provinsi, na tunayasema mapema, kabla mtu hajapaka rangi nguzo ya baryeri mpya.

Leteni mabasi kwanza, makubwa, ya saa za kazi, toka Katuba na Ruashi na Kenya mpaka mjini, tuyaone kwa miezi sita. Kamio nzito zipewe saa zao na njia zao nje ya mji. Feza ya peaje ya njia kubwa itangazwe kila baada ya miezi mitatu: imeingia ngapi, imetengeneza kilomita ngapi, wapi. Baada ya hayo, kama mji bado umeziba, njooni tuzungumze juu ya malipo kwa motokari ya mtu mmoja. Si kwa taksi-basi, wala kwa manseba anayebeba mgonjwa, wala kwa kinga ya makala. Na tuulizwe kwa kura kama walivyoulizwa watu wa Stockholm. Labda tutasema ndiyo. Nani anajua? Hatujaulizwa kamwe, hatujui sisi wenyewe tutajibu nini.

Jambo moja la mwisho, na hili ni kwa wasomaji, si kwa wakubwa.

Jioni ya siku ile ile tulikutana na mama mmoja anayeleta makala mjini kwa kinga, yeye na mtoto wake wa kiume, kutoka mbali, kwa njia ambayo hatutaitaja ili asipate matata. Tulimuuliza amelipa mara ngapi siku ile. Akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa karatasi nne, akazitandaza juu ya gunia. Mbili zilikuwa na muhuri. Moja ilikuwa na muhuri lakini haina bei. Ya nne ilikuwa kipande cha daftari la shule, kimeandikwa kwa bic. Tukamwambia: mama, basi ni mara nne. Akasema hapana, ni mara tano. Ya tano iko wapi? Akasema ya tano alimpa mtu makala, kwa sababu feza ilikuwa imekwisha, na mtu akipewa makala haandiki.

Mwenye karatasi za namna hiyo azilete kwetu. Tumefungua daftari. Jina lako halitaandikwa. Tutaandika siku, njia na bei tu. Mwenye kukosa karatasi aje vilevile, tutaandika "makala", "bunga", au kile alichotoa. Daftari likijaa tutalipeleka kwa mkubwa wa mji, na hapa katika gazeti tutachapa alilotujibu.